Zawadi ya Bi Mwanarusi

Hebu vuta picha ya pembe moja ya Bondeni, alasiri, jua limelegea. Kando ya barabara pana benchi refu la mbao, na mwisho wake Abdulbasit ameweka dele lake juu ya makaa, anamimina kahawa chungu. Wateja wake ni wawili: Barnabas wa bandarini, aitwaye Kontena kwa ukubwa wa mwili, na Odera wa reli, aitwaye Injinia kwa sababu kila jambo yeye hutaka kulijengea kitu. Jumamosi mtaa utampa heshima Bi Mwanarusi, mama wa kiti cha magurudumu, ambaye tangu ujana wake amegonga milango ya shule na afisi akiwatetea watu wenye ulemavu. Benchi limeachiwa kuchagua zawadi.

— Mie nasema saa ya ukutani, akaanza Kontena.

— Saa? Kwani yuwastaafu? akauliza Abdulbasit.

— Tumjengee mnara, akasema Injinia. Mrefu, mtu akiwa Makupa auone. Juu tuweke sanamu yake.

— Kunguru wamnyee mama wa watu kichwani?

— Tutaweka na feni ya kuwafukuza.

— Wacha feni, akasema Kontena. Tumkodishie ngamia wa kule ufuoni. Azungushwe mji mzima, Marikiti wafunge maduka wampungie mkono.

— Yule ngamia hutema mate, Kontena.

— Tutamfunga mdomo kwa leso. Leso nzuri.

Abdulbasit akaweka kikombe chini.

— Jamani, mie sichezi. Mwanangu hasikii, mwajua. Shule zilimkataa, na Bi Mwanarusi akakaa mlangoni mwa mwalimu mkuu hata mtoto akaandikwa. Tukimpa heshima ya ovyo, nitamtazama kwa uso gani?

Hapo akafika Nekesa, karani aliyehamia majuzi tu ghorofa ya juu ya nyumba iliyo nyuma ya benchi.

— Hamjambo, wazee?

— Hatujambo, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante. Huyo mama mnayemtaja nilimwona asubuhi katikati ya barabara, tuktuk zinampigia honi. Mbona hapiti huku kando?

Kontena akatazama miguu yake. Injinia akalifuata benchi kwa macho, kutoka ukutani hadi ukingo wa mtaro. Hapakubaki pa kupitisha hata mkokoteni wa mtoto.

— Kila asubuhi sisi humwamkia, akasema Abdulbasit polepole. Naye hutuinulia mkono. Kutoka kule barabarani.

— Na sisi twasema ana adabu, akasema Kontena.

Abdulbasit akaondoa dele, akalisogeza jiko, akashika ncha moja ya benchi. Kontena akainuka akashika ya pili.

— Twalipeleka wapi? akauliza Injinia.

— Popote. Kwanza litoke.

Nawe, ukipita Bondeni, usiulize mnara uliishia wapi. Kumbuka jambo moja tu, tafadhali: tazama ulipoketi, pengine kuna mtu anangoja kupita.