Bi. Verla Madsen na Kikapu cha Mashali

Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, kengele ya mwisho ikilia, Bi. Verla Madsen atazima pasi ya chumba cha ushonaji na kukabidhi ufunguo. Anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha ushonaji na mapishi katika Shule ya Sekondari ya Alder Fork. Siku za kazi tulimwita Bi. Madsen, Jumapili kanisani Dada Madsen, na wanafunzi wamechanganya majina hayo mpaka yeye mwenyewe anaitika lolote. Mimi, Janeal Whiting, mwalimu wa kwaya ambaye chumba chake kinapakana na chake, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Niliipokea kazi kwa furaha, lakini nimeiandika kwa aibu, na mtaona sababu.

Alipoanza alikuta vyerehani vilivyokufa na jiko lililounguza keki upande mmoja. Alivifufua vyerehani kwa mikono yake, na jiko akalizoea, akawa anageuza keki katikati ya kuoka. Kila Julai, mji unapoadhimisha waanzilishi waliovuka nyika na mikokoteni, nusu ya maandamano huvaa nguo alizoshona yeye. Wavulana aliwafundisha kushona vifungo kabla hawajaenda misheni ya kanisa kuhubiri ugenini. Mmoja alirudi kutoka Brazili akatangaza kanisani kwamba katika yote aliyojifunza shuleni kwetu, kifungo ndicho kilichomfaa. Nilikuwa nimemfundisha kijana huyo kuimba miaka mitatu, lakini sina kinyongo.

Kuhusu viazi vyake vya jibini, vile vya kupelekwa msibani, niseme tu kwamba wapo watu mjini hapa waliozika marehemu wasiowajua.

Tatizo la kwanza la wasifu huu lilikuwa picha. Tulipekua vitabu vyote vya mwaka vya shule tukitafuta uso wake, tukaambulia paji la uso nyuma ya bega la mtu, kiwiko, na sinia lenye keki ambalo aliyelibeba haonekani. Na katika kila kipande cha picha lipo sweta la kijivu, hata Julai, hata mbele ya jiko. Mwaka huu Kamber Bagley, mwanafunzi anayepiga picha za kitabu cha mwaka, alimwandama majira yote ya baridi.

“Bi. Madsen, moja tu!”

“Piga keki, mwanangu. Keki imenizidi uzuri.”

Tulicheka, maana alisema kwa kuchekesha. Hatukujiuliza kwa nini mtu anayewavisha wengine vizuri namna ile hataki kuonekana.

Sasa nakuja kwenye kikapu. Mnakijua, na wengi wenu mmeoana na watu waliopitia mbele yake. Kila dansi ya shule, Bi. Madsen alikaa mlangoni na kikapu cha mashali aliyoyafuma mwenyewe. Msichana ambaye gauni lake liliacha mabega wazi, au lilikuwa na shingo iliyoshuka zaidi ya vidole vinne, alipewa shali alivae mpaka dansi iishe. Wavulana walikiita kikapu cha toba. Kilikuwa sehemu ya mji wetu, kama milima. Tulisema tunawafundisha mabinti kwamba mwili ni hekalu, na hatukuona kwamba tulikuwa tunawafundisha pia kuliogopa hekalu lenyewe.

Yeye mwenyewe ameniomba niandike yaliyotokea mwezi wa nne. Alisimama mlangoni kwangu akasema, “Janeal, ukiandika habari za viazi tu, nitaichana karatasi hiyo mbele ya mkuu wa shule.” Kamber na mama yake nao wameusoma wasifu huu kabla yenu, wakakubali. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema.

Darasa lake la juu lilishona magauni ya dansi. Kamber na binamu yake Shaylee walinunua jora moja la kitambaa cha buluu, wakakata kwa kielelezo kimoja, wakashona mshono mmoja. Shaylee ni mwembamba kama ufito. Kamber amejaliwa kifua na nyonga za upande wa mama yake. Bi. Madsen aliyalaza magauni yote mawili mezani, akapitisha tepu ya kupimia kwenye mikono, shingo na pindo. Yote mawili yalipata alama ya juu kabisa, na la Kamber likasifiwa kwa pindo lisiloonyesha uzi.

Usiku wa dansi nilikuwa mlangoni pamoja naye, nimeshika kikapu. Shaylee alipita, Bi. Madsen akamwambia amependeza. Nyuma yake akaja Kamber, naye Bi. Madsen akainua mkono, akatoa shali jeupe.

“Hili hapa, mpenzi.”

“La nini?” Kamber alidhani ni utani. “Bi. Madsen, gauni hili umelipima wewe. Ulisema halina kasoro.”

“Likiwa mezani, ndiyo. Ila kwako linakaa vingine.”

“Shaylee amepita na gauni hili hili.”

“Najua, mwanangu. Lakini Shaylee hana…” Hakumaliza.

Kisha mvulana mmoja nyuma kwenye foleni akapaza sauti, “Kamber kapewa toba!” wakaangua kicheko. Kamber alilikunja shali vizuri, kama alivyofundishwa, akalirudisha kikapuni mikononi mwangu. Akatoka nje hadi kwenye gari la baba yake. Mimi niliendelea kupanga mashali.

Dansi ilipokwisha nilimkuta Bi. Madsen amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kikapu miguuni. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne, wasichana wa kanisa lao walipelekwa kambini ziwani, wote wamenunuliwa nguo za kuogelea za aina moja. Kiongozi akampa yeye peke yake fulana ya kuvaa juu. “Akasema wenzangu hawana cha kuficha,” aliniambia. “Janeal, sweta hili ni fulana ile ile. Na leo nimemvika mtoto wa watu.” Kisha akalia, nami nikalia naye, maana tangu nizae watoto wangu nami huvaa joho la kwaya hata siku zisizo na tamasha.

Mjini kwetu mtu akikosa huenda kuomba radhi na sahani ya biskuti. Bi. Madsen alikwenda kwa akina Bagley mikono mitupu. Mama yake Kamber alifungua mlango, macho yake yakashuka kutafuta sahani.

“Dada Madsen, Kamber anasema hataki biskuti.”

“Sikuja na biskuti, Dada Bagley. Nimekuja na aibu yangu tu.”

Kamber alisimama juu ya ngazi, kamera shingoni. Bi. Madsen akamwambia kwamba gauni halikuwa na kosa, wala mwili wake haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa jicho la mwalimu wake, na jicho hilo alikuwa ameliita kanuni. Kamber aliivua kamera shingoni. Halafu akasema, “Basi vua sweta nikupige picha.”

“Kamber!” mama yake akamaka.

“Mama, mimi niliambiwa nivae mbele ya shule nzima. Yeye avue mbele yangu tu.”

Picha mnayoiona mbele ya karatasi hii ndiyo hiyo. Blauzi ina mikono mifupi ya heshima, ambayo kanuni za kanisa letu hazijawahi kuikataa. Sweta halikuwa likificha dhambi yoyote. Lilikuwa likificha mikono minene, basi, ile ile iliyofufua vyerehani na kubeba masinia yote ya viazi tulivyokula. Hatabasamu, na uso umeiva kwa haya. Nilipomwonyesha alisema bado inamtia aibu, lakini niiweke.

Nisiwadanganye kwamba mambo yamekwisha. Gauni la buluu liko kabatini, na Kamber hajasema kama atalivaa tena. Kanuni ya vidole vinne bado imebandikwa mlangoni, na kamati ya shule bado “inaitazama.” Mashali yamepelekwa nyumba ya wazee, kwa watu wanaosikia baridi kweli. Kamber amekubali kuja Ijumaa kupiga picha za sherehe. Tafadhali, akielekeza kamera kwenu, msijifiche nyuma ya keki.

Bi. Madsen, Dada Madsen, asante kwa vifungo, kwa viazi, na kwa kutuonyesha uso wako ukiwa umeiva kwa aibu, sisi ambao bado tumeificha ya kwetu. Mungu akupe miaka mingi na afya tele. Na Julai ikifika, jua likichoma, utuone tumesimama kandokando ya barabara tukishangilia maandamano, nawe uwe katikati yetu, sweta umeliacha msumarini.