Mwalimu Nzilani Mutuku na Programu ya Kipepeo

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Nzilani Mutuku anastaafu baada ya kufundisha sayansi kwa miaka ishirini na tisa katika shule zetu mbili, ya Gatina hapa Kawangware na ya Sarang'ombe kule Kibera. Wanafunzi wamemlilia. Wauzaji wa programu za kompyuta, tunasikia, wameagiza soda.

Alitoka Mwingi akiwa msichana mwenye cheti kipya cha ualimu, akapanga chumba Riruta. Sifa zake zilivuma mapema. Ndiye aliyeleta matumbo ya mbuzi darasani ili watoto waone utumbo ulivyo mrefu, kisha akayapeleka jikoni, yakaoshwa, yakapikwa, tukala wote. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliuliza nyama imetoka wapi alipokuwa kwenye sahani ya pili.

Gredi ya saba hadi ya tisa zilipoanza kwetu, Mwalimu alipewa kazi ya kukagua kila programu ya kufundishia, aone kama inalingana na mtaala wa sayansi ya viumbe. Wengine tulidhani amepewa kazi ya kupumzika. Ndipo akaja Ryan, kijana muuzaji mwenye viatu vya kung'aa, na programu yake. "Madam, hii iko sawa na mtaala, mia kwa mia," alisema. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kinyanjui, alipendezwa na rangi za programu hiyo, akawa tayari kuinunua.

Mwalimu alipoifungua, alikuta mada ya uzazi wa binadamu haimo. Mahali pake palikuwa na kipepeo anayetaga mayai. Hilo halikumchekesha. Muhula uliotangulia, msichana wetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alikuwa amejifungia nyumbani akiamini anakufa, kumbe ni hedhi yake ya kwanza. Mwalimu ndiye aliyemfuata hadi kwao, akaketi naye kitandani, akamweleza mpaka akatulia.

Hakubishana na bodi. Alimwomba tu Mzee Kinyanjui, kwa heshima zote, aizindue programu kwa kufundisha yeye mwenyewe somo la uzazi mbele ya gredi ya nane na wazazi wao. Mzee alikuja na suti. Akabonyeza. Kipepeo akatokea, akataga. Joan, wa dawati la mbele, akainua mkono.

"Mzee, kwani mamangu alinitaga?"

Mamake Joan alikuwa ameketi nyuma yake. Wazazi walicheka hadi benchi moja likavunjika. Mzee Kinyanjui akajipangusa jasho.

"Madam, hebu zima hiyo kitu! Na useme ukweli, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mzee," alijibu Mwalimu. "Lakini suti imekukaa vizuri."

Ununuzi ukasimama. Ryan alikusanya vitu vyake akidhani amefukuzwa, kumbe Mwalimu anampa chai na kazi ya kuirekebisha. Kwa miezi kadhaa alirudi, wakaketi na Mwalimu, wakaipitia programu mada kwa mada. Dubu wa barafuni aliondolewa kwenye somo la mazingira, wakaingia kunguru, panya na paka wa Sarang'ombe. Uzazi na hedhi vikaelezwa kwa maneno yasiyojificha. Ryan, ambaye mwanzoni alilitamka neno hedhi akiangalia dari, sasa hulitamka kama anayeagiza chapati.

Leo shule zote mbili hutumia programu hiyo. Yule msichana aliyejifungia yuko gredi ya tisa, na ndiye huwaketisha wasichana wapya na kuwafungulia somo hilo. Mwalimu alipomwona mara ya kwanza akifanya hivyo, alisimama mlangoni kidogo, kisha akaondoka bila kukosoa chochote. Sisi tunaomjua tulishtuka.

Asante, Mwalimu, kwa kutukosoa huku ukituchekesha. Tunasikia unarudi Mwingi kufuga nyuki. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na asali tele. Nao nyuki tunawatakia subira: wajue mapema kwamba watakaguliwa.