Kinyozi na Ubeti wa Mwisho

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina miguu minne, lakini mmoja uling'olewa kwenye meza ya mtu mwingine, kwa hiyo anayekaa pembeni hukaa kwa imani. Kila asubuhi wanakaa hapo watu wale wale: Dakika, fundi saa ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, Mstaafu, aliyekuwa karani na hadi leo anafunga tai ili kazi isije ikamsahau, na Mama Birika, ambaye kahawa yake ndiyo inayowaweka hapo, ingawa wenyewe husema wanafuata hoja. Kinyozi, Kipara kwa jina la kijiwe, husimama kizingitini, jicho moja kwa mteja na jingine kwa maneno. Kijiwe kina sheria moja tu: wimbo wa "Kinyozi wa Kona" hauimbwi hapo. Aliutunga dada yake Kipara baada ya kaka mtu kumtolea sanduku lake nje kwa kosa la kuimba kwenye bendi, na mji mzima ukaucheza. Redio ikiuanza tu, aliye karibu huizima kabla Kipara hajainua kichwa. Hiyo ndiyo adabu yao, na wanaitunza kuliko wanavyolitunza benchi.

Asubuhi hiyo binti wa Kipara alifika na simu mkononi, uso ameukunja. Anasomea kutengeneza filamu chuoni. Kundi lake lilitakiwa kupiga video ya wimbo mmoja, na jina la wimbo limfikie mwalimu kabla ya adhuhuri. Wakichelewa, watapangiwa wa mwalimu, na kila mwanafunzi anajua kuwa wa mwalimu ni ule wa kunawa mikono. Binti alikuwa anautaka wa shangazi yake. Shangazi amekubali, ila kwa sharti: kaka yake aseme ndiyo, kwa mdomo wake mwenyewe. Kipara aliombwa wakati wa chai, akajibu kwamba nyimbo zimejaa duniani.

— Haya wazee wangu, baba anasema nyimbo zimejaa. Nipeni mmoja.

Kipara akajifanya anatafuta kitana alichokuwa amekishika.

— Mwanangu, alisema Mstaafu akinyoosha tai, tatizo la nyimbo ni maneno. Maneno ndiyo yanayogombanisha watu. Chukua wimbo wa tarumbeta tupu.

— Tarumbeta tupu utaonyesha nini kwenye video? Mashavu? aliuliza Mama Birika.

— Mashavu yana ubaya gani?

— Hapo umechemsha, mzee, Dakika akadakia. Wimbo ni mapigo. Moyo unapiga kama saa. Tafuta wimbo unaokwenda na saa, mwalimu akisikia moyo wake utakubali wenyewe, hata kama yeye hataki.

— Kwa saa zipi? Zako? Mstaafu akamrudishia. Moyo wake utasimama!

Hata Kipara alicheka. Akamtazama binti yake kwa pembeni: binti hakucheka. Alikuwa akipapasa kioo cha simu kwa kidole gumba, vile vile alivyokuwa akipapasa shuka utotoni alipokataliwa kitu. Kipara akarudisha macho kwenye kitana.

— Mimi ningeimba kuhusu kahawa, alisema Mama Birika. Mvuke peke yake ni filamu.

— Sikilizeni, alisema Mstaafu, na alipoanza hivyo wote walijua limeiva. Walimu hawasikilizi wimbo wote. Nimefanya kazi na wakubwa, nawajua. Husikiliza mwanzo, kisha huandika maksi wakifikiria chakula cha mchana. Basi weka nyimbo kumi, mwanzo mwanzo tu.

— Kwa nini kumi? Dakika aliinuka, benchi likalia. Usiweke hata mmoja! Piga video kimya. Kila atakayeangalia ataimba kichwani wimbo anaoupenda mwenyewe. Nani atalalamika hapo? Utapata maksi zote na chenji juu!

— Video ya wimbo, bila wimbo, alisema binti taratibu.

— Ndiyo usomi huo, mwanangu.

— Asanteni wazee wangu. Nitanawa mikono tu.

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma Kipara. Angepiga kelele angemjibu. Mtu akikubali, unamjibu nini?

Wakati huo kwenye foleni alikuwa amesimama mtu mmoja tu, fundi bomba aliyehamia mtaani juzi, spana mfukoni, ndevu zimemjaa. Alikuwa amesikiliza kwa adabu ya mgeni. Sasa akakohoa.

— Samahani wakubwa. Mbona ule wa "Kinyozi wa Kona" hamjautaja? Na hapa ni kwa kinyozi, tena konani kabisa.

Mama Birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Mstaafu akaanza kukagua tai yake. Dakika akajipekua mifuko yote kama aliyeibiwa.

— Nimesema vibaya?

— Hapana, alisema Kipara. Endelea.

— Basi tu, nilikuwa nataka kuuliza. Mimi nausikia nikiwa chini ya sinki za watu, na kila ukikaribia kuisha nakuwa nafungua maji kujaribu bomba, sisikii tena. Hivi unaishaje?

Mstaafu alimtazama Dakika. Dakika alimtazama Mama Birika. Kipara aliona nyuso zao na akaelewa: hakuna anayejua. Wameuzima njiani miaka yote, kwa ajili yake. Naye, aliyeuchukia wimbo kuliko kitu chochote, hajawahi kuusikia ukiisha.

Kipara akamgeukia binti yake.

— Wewe unajua?

— Najua, baba.

— Sema basi.

— Sisemi. Bonyeza mwenyewe.

Akamnyooshea simu. Kidole cha Kipara bado kilikuwa na povu la sabuni la mteja aliyeondoka, simu ikakataa. Akajifuta kwenye koti, akabonyeza tena.

Gita likaanza, kisha ile sauti.

*Kinyozi wa kona, kioo chako kikubwa,*
*wote unawaona, mbona hujioni?*

Kipara alivumilia. Aliona midomo ya Mama Birika ikitembea, na mguu wa Mstaafu ukigonga chini, wasaliti wote. Wimbo ukamtukana beti mbili nzima, vyombo vikacheza peke yake kwa muda mrefu, na pale ambapo mtu angedhani umekwisha, sauti ikarudi, ya chini, kama ya mtu anayezungumza mlangoni.

*Kinyozi wa kona, nivutie kiti,*
*nimezunguka sana, nataka kukaa kwetu.*

Ukaisha.

— Kumbe huo ubeti ulikuwemo siku zote? aliuliza Dakika.

Kipara alimwomba binti amwekee pa kurekodi sauti. Akaishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyoishika.

— Mimi kaka yako, alisema. Mtoto autumie.

Akangoja, kana kwamba simu ingemjibu.

— Wote. Asikate mwisho.

Binti alikuwa tayari anamwandikia mwalimu, vidole vinakimbia, kamasi anavuta. Kipara akaingia ndani, akakipangusa kiti cha kunyolea mikono yote miwili na mgongo, akakivuta hadi mlangoni, kwenye mwanga.

Fundi bomba akakijongelea, akijua zamu ni yake.

— Siyo hicho, ndugu yangu, alisema Kipara. Hicho kina mtu. Wewe leo nakunyolea kwenye benchi.

Wakamsogezea nafasi, pembeni.