Aliyeandikwa Hayupo

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, na poleni na jua. Nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba ofisi ya utumishi ya chuo kikuu imeniletea asubuhi hii historia iliyochapwa vizuri sana, eti nisihangaike kuandika, na ndani yake wamesema dada yangu aliacha kuhudhuria kazini tarehe 1 Februari 2022. Hiyo sisomi. Nasoma ya kwetu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1974, katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi redio na mshona nguo, na mama anasema alijua kufungua redio za wateja kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alisoma shule ya msingi mwaka 1982 hadi 1988, sekondari ya wasichana 1989 hadi 1994, kisha chuo cha ufundi, alikopata stashahada ya kompyuta mwaka 1997, akiwa msichana pekee darasani, na kuna mwalimu alimshauri ahamie mapishi, nasikia yupo hapa, shikamoo mwalimu.

Tarehe 2 Machi 1998 aliajiriwa katika kitengo cha teknolojia cha chuo, chumba cha chini kisicho na dirisha, kati ya stoo ya viti vibovu na mashine ya kurudufia, na kwa kuwa jibu lake la kwanza kwa kila tatizo lilikuwa lile lile, chuo kizima kikamwita Zima-Uwashe. Mwezi Julai kiyoyozi cha chumba hicho kiliharibika, akaletwa fundi, akakitengeneza, kikaharibika tena wiki ile ile, na tena, mpaka mkuu wa kitengo akashtuka kwamba kinachoharibika si kiyoyozi, na tarehe 12 Desemba 1998 fundi huyo akawa shemeji yetu. Mungu aliwajalia binti, tarehe 2 Juni 2000, na kijana, tarehe 19 Oktoba 2004, wapwa zangu hawa mnaowaona mbele.

Mwaka 2020 chuo kilipofunga milango na kila mtu akaambiwa afanyie kazi nyumbani, yeye na wenzake wawili waliwaingiza mtandaoni walimu mia nne na kumi na wawili kwa siku kumi na tisa, kwa simu, mmoja mmoja, na kati yao alikuwemo profesa aliyefundisha saa nzima akiwa amezima kipaza sauti, akawafokea wanafunzi kwa ububu wao, nao wasisikie hata hayo matusi, hadi dada alipompigia na kumweleza kwa adabu zote kwamba anaonekana anatafuna hewa.

Mwezi Januari 2022 aligundulika figo zote mbili zimechoka, akawa anasafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa saa nne kila mara, na mkuu wake wa kitengo akampa ruhusa ya maandishi kufanyia kazi nyumbani. Akafanya. Mkono mmoja umefungwa mipira ya damu, mwingine unachapa, nywila zinafunguliwa, mihadhara inaendelea, na mitambo ya chuo chenyewe inaonyesha alijibu maombi elfu tatu na sitini ya msaada kutoka nyumbani na kwenye kiti cha hospitali. Lakini daftari la mahudhurio la chuo linasainiwa kwa kalamu, mlangoni, na asiyesaini anaandikwa hayupo.

Sasa sikilizeni. Alhamisi, tarehe 18 Mei 2023, saa nne asubuhi, kamati ya watoro ilikutana mtandaoni, mwenyekiti akashindwa kuingia, akampigia nani? Akampigia dada yangu, naye akiwa kwenye mashine, shemeji kamshikia kompyuta, akamwingiza, akamrekebishia sauti, akabaki humo kama fundi anavyobaki, akasikia jina lake likisomwa la tatu katika orodha ya watoro. Akaandika neno moja, wajumbe wote wakaliona: Nipo. Mwenyekiti akadhani mitambo imeingiliwa na wahuni, na jamani, akampigia tena yeye, amtafutie ni nani kaandika. Dada akamjibu kwamba ni yeye, ndiye aliyemfungulia mlango sasa hivi. Azimio likapita hivyo hivyo, mtoro.

Aliniambia hakuumia kwa figo kama alivyoumia kwa neno lile, na akaendelea kuwahudumia, wajumbe wa kamati wakiwemo, hadi Jumatatu, tarehe 7 Agosti, alipozidiwa, na akafariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia yeye na waya zake, majirani waliotupa intaneti yao kila yetu ilipokatika, na wenzake wawili wa chumba kisicho na dirisha, waliosaini barua ya kumtetea wakijua watakachopata. Ofisi ya utumishi tunaishukuru kwa maua, na tunairudishia karatasi yake.

Waheshimiwa wameniomba tuyamalize kimya kimya, tusije tukakivunjia chuo heshima, nami nawajibu mbele ya watu wote kwamba jiwe la kaburi limekwisha kuchongwa, limeandikwa mtumishi wa chuo kikuu, 2 Machi 1998 hadi 9 Agosti 2023, na anayetaka kufuta hiyo tarehe ya mwisho aje mwenyewe, kwa miguu yake, na patasi, atatukuta.

Pumzika, dada, pumzika kwa amani, ugomvi huu tuachie sisi.