Mdogo Wangu wa Idete Anaomba Kazi

Ko-ko-ko-ko-ko, ting! Halafu kimya. Halafu tena, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga bati kwa kucha. Usiku wa manane Nelly alikaa kitandani, mwanawe Omega akinyonya, akasikiliza, na moyo wake nao ukawa unagonga kwa kasi ile ile, maana mlio ule aliujua. Ilikuwa taipureta ya mzee Hermenegildi, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, na kila ting ilikuwa mstari wa mtu mwingine umekwisha, mtu mwingine anayeomba kazi ile ile aliyoitaka Nelly, na yeye hata tarehe hajaandika.

Kulipokucha akaenda kijiweni kama kawaida, mtoto mgongoni, kichwani karai. Kijiwe chenyewe kilikuwa kona ya barabara ya sokoni, ubavuni mwa fundi baiskeli: benchi moja refu lenye miguu mitatu na tofali, birika la kahawa la Twalib upande huu, vitumbua vya Nelly upande ule. Wenye benchi walikuwa watatu. Remigius waliyemwita Gavana, karani wa chama cha ushirika mpaka ushirika wenyewe ukafa, lakini kalamu mfukoni haijatoka. Fridolin fundi redio, jina lake Bibisii, maana habari hupita kwake kwanza ndipo zifike redioni. Na Kija, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, waliyemwita Spika kwa sababu hasemi.

– Mwangaluka, Nelly alimsalimu Kija kwa Kisukuma.

– Mwangaluka, mayo, Kija alimjibu, kama anavyomwita kila mama.

– Nyie mmelala usingizi jana? alianza Bibisii, kikombe bado hakijafika mdomoni. Mimi sikulala. Ile ko-ko-ko ni simu ya upepo. Kuna mtu anapeleka habari nje.

– Habari gani za Ifakara zipelekwe nje? Twalib alicheka. Bei ya mchele?

– Hapo hapo! Unadhani mchele si siri ya nchi?

– Acha fiksi, Fridolin, alisema Gavana. Ile ni taipureta ya Hermenegildi. Watu wanaomba kazi. Mradi wa vyandarua unatafuta kina dada wa form four, wazunguke Idete na vijiji vingine nyumba kwa nyumba, wawaulize kina mama habari za homa za watoto. Mwisho wa kupokea barua ni leo saa nane mchana.

– Sasa mbona wanaomba usiku kama wanga? aliuliza Bibisii.

– Mgeni wa mji huu wewe? Ukiomba mchana halafu ukakosa, hata mbuzi wa sokoni watakucheka. Ukiomba usiku ukakosa, unasema hukuomba.

Nelly alichota mafuta yakammwagikia kidoleni, wala hakusikia. Tangazo lile alilisoma posta mara kadhaa, akijifanya anatafuta namba ya sanduku la barua. Mama mkwe alikwisha kusema, mke wa mtu hazunguki majumba ya watu na karatasi, na mumewe Antoni yuko Malinyi kwenye samaki tangu maji yapungue, na Hermenegildi anapakana ua na mama mkwe, ukimpelekea kazi leo asubuhi, kabla wino haujakauka habari imefika jikoni. Akafungua mdomo, maneno yakatoka yote kwa pamoja.

– Jamani samahani, mimi nina mdogo wangu yuko Idete, kamaliza form four, nafasi hiyo anaitaka, karatasi anayo, kalamu anayo, barua ya maombi anaijua ile ya shuleni, lakini wametaka na wasifu, maelezo yake mwenyewe, na yeye anasema hana la kueleza, sasa nimwambieje, maana ni leo.

Benchi zima liligeuka. Hakuna kitu kilichowapendeza wazee wale kama kuulizwa.

– Mdogo wako amefika mahali pake, alisema Gavana, akaitoa kalamu mfukoni akaishika kama fimbo ya mchungaji. Andika: YAH, nukta mbili, MAOMBI YA KAZI. Piga mstari chini. Kisha: husika na kichwa cha habari hapo juu. Usipomwambia ahusike, hahusiki! Mwisho: wako mtiifu katika ujenzi wa taifa.

– Siku hizi hawajengi taifa, Gavana, alisema Bibisii. Siku hizi kuna kompyuta. Barua inaingizwa upande huu, inatokea upande wa pili imepewa maksi. Na inanusa. Ukiandika huku unaogopa, jasho la mkono linabaki kwenye karatasi, mashine inalia pii!

Nelly alijifuta viganja kwenye kanga.

– Kwa hiyo afanyeje?

– Aandike mengi. Asiyejua maana haambiwi maana, ndiyo maana aeleze kila kitu. Na mambo anayopenda. Kila mtu anaandika kusoma vitabu na kusikiliza redio. Yeye aandike kuogelea.

– Kuogelea wapi? aliuliza Twalib. Kilombero? Na mamba je?

– Hapo ndipo watakapoona huyu si mtu wa mchezo!

Walicheka mpaka tofali la benchi likacheza. Twalib akasubiri watulie, akainua kidole. Baba yake aliletwa Ifakara na biashara ya chumvi kutoka Kilwa, na katika mtaa ule hapakuwa na posa iliyopita bila yeye kuwa mshenga.

– Nyinyi mnahangaika na maneno. Kazi ni ndoa. Unaomba kuingia nyumba ya watu, au sivyo? Basi ile barua ni posa. Umewahi kumwona muoaji amebeba posa mwenyewe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyo binti akijipeleka ofisini na bahasha mkononi, watasema hana wazee. Barua ifungwe kwenye leso nyeupe, ifukizwe udi kidogo, ipelekwe na mshenga mtu mzima. Ndani mnatia na kifungua barua.

– Hiyo ni rushwa, Twalib!

– Rushwa ni ya kufunga mdomo. Hii ya kufungua.

– Na wasifu? aliuliza Nelly haraka haraka. Wasifu ndio unaomtesa, maana ni kujisifu, na kwetu binti hajisifu, akijisifu anaonekana hana adabu.

– Ndiyo nakwambia mshenga, mama Omega. Muoaji hasemi mimi hodari. Mshenga ndiye anayesema.

– Na mtoto? Huyo mdogo wangu anaye mtoto. Amwandike?

– Asithubutu, alisema Bibisii. Mficha uchi hazai. Yeye ameshazaa, basi na afiche.

Hapo Kija akaweka kikombe chini. Wote wakamgeukia, maana Spika akiomba nafasi ni tukio.

– Mimi siandiki, alisema pole pole. Lakini ng'ombe haendi mnadani kwa maneno matamu. Mnunuzi anauliza: amelima wapi, amezaa mara ngapi, ana maziwa? Huyo mdogo wako, mayo, amefanya nini?

– Hajafanya kitu, alisema Nelly. Tangu amalize shule hajafanya kitu chochote. Amezaa. Anauza vitumbua.

Palepale akajua ameropoka. Wale wanaume wakaangaliana, wakaangalia karai, kisha kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kuangalia. Gavana akakohoa.

– Huyo mdogo wako wa Idete, alisema, kama kumbukumbu yangu ni nzuri, si ndiye alikuja kukutembelea mwaka ule wa Elinino?

– Ndiye, alidakia Twalib. Maji yakatutoa majumbani, tukalala shule ya msingi, familia nne nne kwenye darasa moja. Alikuwa na tumbo kubwa, huyo mdogo. Anazunguka madarasa yote, anagusa watoto shingoni, nani anachemka, tangu lini, amekunywa nini. Halafu anakwenda kumfuata nesi.

– Maji yakiwa kifuani! alisema Bibisii. Nesi hataki kuvuka. Binti akamwinua nesi, akamweka mabegani, akavuka naye!

– Nesi yule mnene?

– Mnene nini! Na sanduku la dawa kichwani kwa nesi, na mwavuli juu ya sanduku!

– Hakumbeba, alisema Nelly, alimshika mkono tu, na maji yalikuwa magotini.

– Wewe ulikuwepo? aliuliza Bibisii, macho makavu kabisa.

Nelly akainama kwenye kikaango. Kija bado alikuwa amesimama na maneno yake.

– Mke wangu alipofika huku, Kiswahili hana. Mtoto anaharisha, akienda kliniki anarudi na mtoto vile vile, hawaelewani. Huyo mdogo wako alimpeleka. Si mara moja. Akajifunza Kisukuma kwenye benchi la kliniki, leo ananisalimu mimi kila asubuhi. Bonde hili Wasukuma wanaongezeka. Wakituma mtu asiyejua kusalimu, atajibiwa na mbwa.

– Andika hayo! Gavana alipiga goti. Namba moja, uzoefu. Namba mbili, lugha. Mimi nilikuwa karani miaka yangu yote na sikuwahi kuwa na wasifu wa namba mbili nzito hivi. Huyo binti ni lulu. Na mdhamini aniandike mimi.

– Cheo gani? Gavana wa benchi?

– Mjumbe wa nyumba kumi mstaafu! Kuna ubaya?

Nelly alikuwa anageuza vitumbua vilivyokwisha kuiva, anavigeuza tena, machozi yanamlenga na hataki yaonekane. Hakujua kama kuna mtu aliyeona. Alidhani siku zile za mafuriko zilipita kama maji yenyewe.

Ndipo akafika dada mmoja, vumbi mpaka kwenye nyusi, anakokota baiskeli ya kiume, bahasha ya kaki ameipachika kifuani.

– Shikamooni. Kwa mzee Hermenegildi ni wapi? Natoka Idete.

Kijiko kikamponyoka Nelly.

– Idete! Bibisii alisimama. Karibu kahawa, binti! Basi unamfahamu mdogo wake huyu mama Omega, wa form four, mwenye mtoto? Anaomba kazi ya vyandarua.

Yule dada akamwangalia Nelly. Idete waliomaliza kidato cha nne wa kike wanajulikana kwa majina, na Nelly alijua hivyo, na alisubiri tu aumbuke. Yule dada akaangalia mtoto mgongoni, akaangalia kijiko kilichoanguka.

– Namfahamu, alisema. Jirani yetu.

– Umeona! Gavana alifurahi. Basi tumemaliza kumtengeneza. Barua tayari, wasifu tayari, mdhamini tayari, mshenga tayari.

– Asanteni kwa niaba yake, alisema yule dada. Na mtoto atamwachia nani?

– Mtoto?

– Nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, kuondoka alfajiri kurudi jioni. Ananyonya huyo. Atamwachia nani?

Gavana aliangalia kalamu. Twalib akafungua kifuniko cha birika akachungulia ndani kama jibu limezama humo. Bibisii, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akawa anakuna goti. Kija naye akasema jibu la swali kama lile hana yeye, liko nyumbani kwake linakamua, na mwanaume haahidi mikono ya mke kijiweni.

– Kahawa imekwisha, alisema Twalib.

Hakuna aliyeinuka. Ila Gavana aliweka kalamu yake kando ya karai, akasema kwa sauti ya amri:

– Waheshimiwa, tugeukeni barabarani. Kuna baiskeli nzuri zinapita leo.

Na wakageuka kweli, wanaume wanne, migongo kwa Nelly, wakaanza kubishana juu ya baiskeli ambazo hazikuwepo. Nelly akatoa karatasi chini ya kitambaa cha vitumbua, akapiga magoti, akatumia benchi kama dawati. Aliandika kama anavyosema, bila kupumua: madarasa yale, shingo za watoto, mkono wa nesi, kliniki, Kisukuma. Alipofika kwenye familia kalamu ilisimama, mgongo wa Bibisii uko hapo mbele yake, afiche, afiche. Akaandika: mtoto mmoja, Omega. Akaitia saini yake kabla woga haujarudi.

Yule dada alikuwa amechuchumaa pembeni, anawafukuza nzi kwenye vitumbua ambavyo si vyake.

– Naitwa Philomena, alinong'ona. Na mimi naomba hiyo hiyo. Wangu nimemwacha kwa mama, ana miezi mitano, hapa nilipo maziwa yananiuma. Swali lile sikuuliza kwa ubaya. Nimekuja nalo kwenye baiskeli njia nzima, nikadhani kijiweni kwa wazee watakuwa na jibu.

– Ni mimi, alisema Nelly. Hakuna mdogo. Ni mimi, na mama mkwe hajui, na mume hajui, na hawa nao ndio wameshajua, wakikaa nayo mpaka saa nane ni Mungu tu, na nikiipata sina pa kumwacha mtoto, na nisipoipeleka sijui nitafanya nini.

– Ukipangwa Idete, nitamuuliza mama kama anaweza wawili. Siahidi. Amechoka, mama yangu.

– Nashukuru hata kuuliza. Ila usimwambie mtu kwamba ni mimi.

Philomena akamfungua Omega mgongoni kwa Nelly, akamfunga mgongoni kwake, ili mwenzake aende ofisini na barua, mgongo mtupu, na bahasha yake mwenyewe akaibana kwapani.

– La mama sikuahidi, alisema. Hili nakuahidi. Sitamwambia mwingine.