Bi Hapana Anaondoka, Simu Inabaki

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne: huo ndio utumishi wa Bi Hapana katika kampuni yetu ya vifaa vya kusaidia kusikia. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, anastaafu. Nimeombwa niandike maneno machache, mazuri, yasiyomuudhi mtu. Hilo la mwisho sikuahidi.

Aliajiriwa kupokea simu. Chumba chake ni kile kidogo kati ya ngazi na stoo ya betri, chenye dirisha linalofunguka nusu na simu nyeusi ya mezani. Kila aliyepiga, Bi Hapana aliandika alichosema, kama kilivyo, bila kukinyoosha. Mtu akisema mama yake anafungulia televisheni mpaka majirani wanagonga ukuta, ndivyo ilivyoandikwa. Madaftari yamefika arobaini na mawili. Wengi tuliyaona ni mambo ya kizamani, na mimi nilikuwa wa kwanza kuyacheka. Leo naungama mbele yenu.

Mimi nililetwa miaka tisa iliyopita kupanga matangazo ya mtandaoni. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: mtu akitafuta kitu mtandaoni, tunalipia tangazo letu litokee palepale, kwa maneno aliyoyaandika. Shughuli ni kuyajua maneno hayo kabla hajayaandika. Nilikuja na chombo cha kompyuta cha kutafutia maneno. Unakipa neno, kinakuambia watu wangapi hulitafuta kwa mwezi. Nikakipa "masikio". Lo! Namba iliyotoka ilikuwa kubwa hata nikamwita mkurugenzi aje aione. Bi Hapana alipita na kikombe chake cha chai, akachungulia, akasema debe tupu haliachi kuvuma, akaenda zake.

Tangazo likatoka Jumatatu. Kufikia Alhamisi simu ilikuwa haipumziki. Walitaka hereni. Walitaka kutoboa. Mwanafunzi mmoja alitaka mchoro wa sikio wa kazi ya nyumbani, na Bi Hapana, kwa kunikomoa tu, akamuunganisha na meza yangu. Mtu mwenye shida ya kusikia hakupiga hata mmoja. Nilikuwa nimeketi jasho linanitoka alipokuja akaniwekea daftari jipya lenye jalada jekundu. Hakunicheka siku ile. Alinicheka baadaye, kwa miaka tisa.

Hilo ndilo Daftari la Hapana, na jina la Bi Hapana lilitokea humo. Huandikwa ndani yake maneno tunayoyakataa, ili mtu akiyatafuta tangazo letu lisitokee. Hereni, hapana. Kutoboa, hapana. Mchoro, hapana. Vya bure, hapana. Kila asubuhi saa mbili na nusu alinisomea simu za jana, nami nikiingiza kwenye kompyuta. Kila neno nililolipenda kwa ukubwa wa namba yake alilitilia hapana, mpaka nimweleze ni mtu gani huyo anayeliandika, na anamtafutia nani. Nikikosa jibu, neno limekufa. Tuligombana sana. Nikienda kulalamika kwa mkuu wa mauzo, nilimkuta yeye naye ametoka kukataliwa jambo lake.

Yapo maneno aliyoyakubali peke yake. Alitaka tangazo litokee kwa anayeandika "baba anajifanya anasikia". Nikakipa chombo. Hakikutoa namba, kilitoa kistari, yaani hakuna anayetafuta. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba hapo hapana kitu. Akasema kistari ni cha kompyuta, baba ni wa watu, tujaribu mwezi mmoja. Mkurugenzi akakataa. Mkuu wa mauzo akakataa. Mtu akamkumbusha Bi Hapana kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akamjibu kwamba wasiosikia ndio waliotuweka mjini. Hakukoma mpaka tukajaribu. Mpaka leo hakuna tangazo lililotuletea watu wengi mlangoni kama lile. Wanakuja mabinti na vijana wamewashika baba zao mkono, na baba wamenuna kwelikweli.

Wiki iliyopita, nikipanga madaftari yake, nililifungua la kwanza kabisa. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya wiki mbili kabla hajaajiriwa. Hauna namba ya mpiga simu, una mwandiko wake tu: Baba anajifanya anasikia. Anacheka wenzake wakicheka. Tulidhani ana maringo. Nilipomuuliza, alisema baba yake aliishi hivyo miaka kumi na mmoja, akafa watu wa nyumbani wamekwisha choka kumsemesha, naye akaja kuomba kazi hapa ili simu ya mwenye baba kama wake isiachwe ikaita bure. Nililia, na sioni aibu.

Sasa tuseme lililopo. Waraka umetoka: kuanzia tarehe moja laini ya simu ikatwe, chumba kiwe stoo, na maneno yote ya matangazo yachaguliwe na chombo peke yake. Bi Hapana aliulizwa anataka zawadi gani, akaonyeshwa na picha ya saa ya ukutani. Alisema anataka simu isikatwe. Akaambiwa litafikiriwa. Sote hapa tunajua "litafikiriwa" huishia wapi.

Basi wafanyakazi kumi na wanne tumetia sahihi nyuma ya karatasi hii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo nakipenda na nakitumia kila siku. Kinawajua vizuri watu waliokwisha andika. Ambaye bado hajui aandike nini, huyo hupiga simu. Jana fundi aliyetumwa mapema kukata waya alikuta tumeshauhamishia mezani kwangu. Tulimpa chai, akaaga bila kuukata. Mkurugenzi wetu, uko meza ya mbele na karatasi hii unayo mkononi. Leo asubuhi nimefungua ukurasa mpya wa daftari jekundu, nikaandika: kukata simu. Mbele yake nikaandika hapana. Ni mara ya kwanza kuliandika bila kusimamiwa.

Bi Hapana, asante kwa kutukatalia, hasa mimi. Nenda ukalale mchana, uwachoshe wajukuu, uyafaidi maisha yako kwa afya na furaha, na nyumbani kwako asiwepo mtu wa kujifanya. Jumatatu saa mbili na nusu, piga namba ile ile. Nitapokea kabla haijaita mara ya pili.