Mama Nyongeza Avuka Kaunta

Ifikapo tarehe 30 Juni, mwenzetu wa kaunta ya kuazimia vitabu atastaafu baada ya kuitumikia maktaba hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini wasomaji wetu wengi hawalijui. Kwao yeye ni Mama Nyongeza, na ukimwita vinginevyo watadhani unamzungumzia mtu mwingine.

Alianza kazi chumba cha ukarabati, akishona vitabu vilivyochanika migongo. Aliletwa kaunta kwa sababu, kama alivyolalamika mkuu wa wakati huo, gundi ilikuwa ikikauka yeye bado anasoma. Hakukanusha.

Hapo kaunta ndipo alipolikuta balaa. Hesabu za mwaka zilionyesha kwamba rafu ya nyuma, yenye vitabu vya historia na jamii, haiguswi ila na kitambaa cha vumbi. Watu walimiminikia rafu ya mbele, penye vitabu vya kujiendeleza: namna ya kuamka mapema, namna ya kuzungumza mbele za watu, namna ya kutajirika kabla ya uzee. Mkuu akatoa mwaka mmoja. Rafu ya nyuma isipopata wasomaji, ingeondolewa na vitabu vyake vyote, mahali pake pawekwe viti. Mama aliumia sana. Vingi kati ya vitabu hivyo alivishona kwa mkono wake.

Hakulia wala hakwenda kubembeleza ofisini. Asubuhi moja alikuja fundi cherehani kuazima kitabu cha kukuza biashara. Mama alikigonga muhuri, kisha akaweka juu yake historia nene ya pamba, kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu. Fundi akauliza kama hiyo nayo ni lazima. Akajibiwa kwamba hiyo ni nyongeza, na nyongeza haikataliwi. Sharti lilikuwa moja tu: siku ya kurudisha, umsimulie jambo moja ulilolikuta humo.

Watu walinung'unika, tusidanganyane. Kinyozi wa mtaa wa pili alirudisha historia ya magonjwa ya mlipuko akisema ni nzuri sana. Alipoulizwa nzuri wapi, akaanza kukuna kichwa, na mara hii kilikuwa chake. Akarudi na kitabu nyumbani. Wiki mbili baadaye alikuja kusimulia, na hakunyamaza mpaka foleni ikafika mlangoni. Tangu hapo ukinyolewa kwake unatoka na kichwa chepesi kwa nje, kizito kwa ndani.

Hata mimi ninayeandika haya, niliyekaa naye kaunta moja miaka yote hiyo, sikusalimika. Nilichukua kitabu cha kujiamini, nikabebeshwa kingine kuhusu wakulima wa zamani waliogawana maji ya mfereji mmoja. Cha kujiamini nimekisahau. Katika hicho cha pili nilisoma jinsi majirani waliogombana kiangazi kizima walivyorudi kuuzibua mfereji pamoja, na jioni hiyo hiyo nilikwenda kumsalimia shemeji yangu ambaye tulikuwa hatusemezani. Mama alipenda kusema kwamba kitabu cha kujiendeleza hukuonyesha uendako, na cha historia hukuonyesha wenzako walikwama wapi. Hakudharau chochote kati ya hivyo viwili.

Mwaka ulipokwisha, mkuu alikwenda nyuma na futi yake ili apime nafasi ya viti. Akaikuta rafu ina mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Viti vikawekwa varandani, na hadi leo viko huko.

Lakini miezi hii ya mwisho tulimwona amepoa. Alikuwa akienda nyuma kupangusa vitabu visivyo na vumbi. Tulipomdadisi alisema wazi kwamba haogopi kustaafu. Anachoogopa ni kuwa nyongeza haimo katika kanuni yoyote ya kazi, ni tabia yake tu, na akiondoka itaondoka naye. Wengine tulijifanya tunatafuta kalamu.

Jumatatu iliyopita, kwa mara ya kwanza, alisimama upande wa pili wa kaunta akiwa na kadi mpya ya uanachama. Aliazima kitabu kimoja, cha namna ya kuishi vizuri baada ya kustaafu. Nilikigonga muhuri. Kisha nikaweka juu yake historia nene ya saa, kutoka rafu ya nyuma. Alifungua mdomo kukataa. Foleni nzima, kinyozi akiwemo, ikamkumbusha kwamba nyongeza haikataliwi. Alicheka, akacheka tena, halafu akaomba leso.

Ahsante, Mama, kwa vitabu tulivyoomba na zaidi kwa vile ambavyo hatukuomba. Tunakutakia maisha mema, afya, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu. Ila usijisahau: vitabu vinarudi baada ya wiki mbili, na tutakuwa hapa kaunta tukisubiri utusimulie jambo moja.